Wimbo wa maziko uliomalizia simfonia ya Mahler



Katika makanisa yetu ya huku mashariki, hakuna kazi ambayo kwaya inaifanya mara nyingi kuliko kuimba kwenye matanga. Ndoa zina majira yake, Pasaka inakuja mara moja kwa mwaka, lakini kifo hakina kalenda. Waimbaji wanaitwa usiku, asubuhi wako kwa wafiwa, mchana wako makaburini, na juma linalofuata ni vilevile. Wengine wameanza kuiona kazi hiyo kama mzigo tu. Kwa ajili yao hasa tunataka kueleza habari ya wimbo mmoja wa maziko, ulioimbwa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli mjini Hamburg, Ujerumani, tarehe 29 mwezi wa tatu mwaka 1894, na habari ya kazi kubwa ya muziki iliyozaliwa siku hiyo.

Kati ya watu walioketi kanisani alikuwako Gustav Mahler, mwenye miaka 33. Alikuwa maestro wa orkestra katika jumba la opera la mji ule, yaani yule anayesimama mbele na kijiti mkononi. Lakini moyoni mwake alikuwa mtungaji, na nafasi ya kutunga aliipata wakati wa likizo tu. Mkononi alikuwa na simfonia iliyokataa kumalizika. Kwa wasiozoea neno hili: simfonia ni kazi ndefu ya muziki kwa orkestra nzima, yenye sehemu kadhaa zinazofuatana kama sura za kitabu, na kwa kawaida haina maneno. Sehemu ya kwanza ya simfonia hii, ambayo ni ya pili kati ya simfonia zake, Mahler aliiandika mwaka 1888. Sehemu za katikati zilikuwa tayari mwaka 1893. Mwisho ndio haukuonekana. Alitamani kuingiza kwaya, lakini Beethoven alikuwa amekwisha kufanya hivyo mwaka 1824 katika Simfonia yake ya Tisa, na Mahler aliogopa watu waseme kwamba anaiga. Tena hakupata maneno ya kuimbwa, ingawa aliyatafuta katika vitabu vingi, na Biblia pia.

Sehemu hiyo ya kwanza ni maziko. Mahler mwenyewe aliieleza hivi: tumesimama mbele ya jeneza la mtu tuliyempenda, na swali linatujia bila kulialika. Mtu huyu aliishi kwa ajili ya nini? Aliteseka kwa ajili ya nini? Au maisha yote ni mzaha mkubwa wa kutisha? Hakuwa anabuni. Alizaliwa mwaka 1860 katika familia ya Kiyahudi huko Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, akiwa wa pili kati ya watoto 14, na wengi wao walikufa wangali wadogo. Ernst, mdogo wake aliyemfuata na kupendana naye sana, alikufa kwa ugonjwa Mahler akiwa kijana. Mwaka 1889 alipoteza baba, mama na dada, wote ndani ya mwaka mmoja. Anayetaka kujua mtu huyu alijifunzia wapi kuandika muziki wa maziko, ajue kwamba aliujifunzia nyumbani. Na zile tarumbeta na ngoma za askari zinazosikika katika kazi zake zote alizisikia utotoni, kwa maana mji alikokulia ulikuwa na kambi ya jeshi na fanfari yake.

Sasa, maziko ya Hamburg yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya Hans von Bülow, maestro mashuhuri kuliko wote wa mji ule. Bülow alimheshimu Mahler kama maestro, lakini hakukubali utunzi wake. Mwaka 1891 Mahler alimpigia kwenye piano ile sehemu ya kwanza, na mzee yule akaziba masikio kwa mikono. Mtungaji kijana alirudi nyumbani amevunjika moyo. Miaka mitatu baadaye Bülow alifia Kairo, Misri, alikokwenda kwa ajili ya afya yake, na mwili ukarudishwa Hamburg. Katika ibada, kwaya na sauti za watoto waliimba wimbo wa ufufuo ulioandikwa na Friedrich Klopstock, mshairi Mlutheri wa miaka ya 1700. Ni wimbo mfupi na rahisi, wa aina ambayo mkristo yeyote wa Ujerumani angeweza kuuimba.

Mahler alimwandikia rafiki yake baadaye kwamba wimbo ule ulimpiga kama radi, na kila kitu kikawa wazi mbele yake. Kabla mwaka huo haujaisha simfonia ilikuwa imekamilika. Mzee aliyeikataa kazi akiwa hai aliipatia mwisho wake kwa kufa. Nao waimbaji wa kanisa la Mikaeli waliimba kama walivyoimba kwa wafu wengine, wakaenda zao.

Tuifuate simfonia yenyewe kidogo, ili atakayeisikiliza asipotee njia. Ina sehemu tano na inachukua karibu dakika 80 hadi 90. Baada ya maziko ya mwanzo Mahler aliandika katika karatasi za muziki agizo lisilo la kawaida: orkestra inyamaze dakika tano au zaidi kabla ya kuendelea. Watu hawaketi kimya dakika tano kwa urahisi. Wanakohoa, wanapekua programu, wengine wanaanza kunong'ona. Maestro wengi wanapunguza kimya hicho, au wanakitumia kuwaingiza waimbaji jukwaani, na hapo watu wanapiga makofi. Kwa maoni yetu wanakosea. Aliyewahi kutoka makaburini anajua kwamba mtu haendi moja kwa moja kucheza muziki, na sehemu ya pili ni muziki wa kucheza, dansi ya taratibu ya vijijini mwa Austria, kama kumbukumbu ya siku njema aliyoishi marehemu.

Sehemu ya tatu inatugusa sisi wahubiri. Mahler aliitoa katika wimbo wake mwingine, unaosimulia habari ya Mtakatifu Antoni wa Padua aliyekuta kanisa tupu akaenda kuwahubiri samaki mtoni. Samaki wa kila aina wanakusanyika, wanasikiliza vizuri sana, mahubiri yanawapendeza kweli. Kisha wanarudi majini, na kila mmoja anaendelea na tabia yake ileile. Katika simfonia hakuna mwimbaji hapo, kuna vyombo tu vinavyozunguka na kuzunguka bila kufika popote, lakini ukijua kisa hicho utacheka, na baada ya kucheka utawaza juu ya Jumapili iliyopita.

Sehemu ya nne ni fupi, kama dakika tano. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya alto anaimba peke yake shairi la zamani la watu wa kawaida, juu ya binadamu aliye katika shida kubwa. Malaika anamzuia njiani na kutaka kumrudisha, naye anakataa kurudishwa, kwa sababu ametoka kwa Mungu na kwa Mungu anataka kurudi. Yakobo wa Yaboki yuko karibu na wimbo huu, ingawa mshairi hamtaji.

Halafu inakuja sehemu ya tano, na hapo orkestra inapasuka. Hii ni siku ya mwisho. Ngoma zinaanza chini kabisa na kupanda mpaka ukumbi unatetemeka, na makaburi yanafunguka. Wafu wanatoka na kutembea kama jeshi, wafalme na maskini pamoja. Kwa ajili ya siku hiyo Mahler aliagiza jeshi la vyombo: pembe 10, tarumbeta nyingi, vinubi viwili, kengele, kinanda kikubwa cha mabomba, pamoja na waimbaji wawili wa solo na kwaya. Tena baadhi ya wapigaji hawaketi jukwaani. Wanasimama nje ya ukumbi, nyuma ya milango au mahali pengine pa mbali, ili tarumbeta za ufufuo zisikike kutoka pande mbalimbali. Katika utendaji hiyo ndiyo hatari kubwa, maana walio nje hawamwoni maestro, na sauti ya mbali inafika kwa kuchelewa. Leo wanawekewa kamera na skrini. Zamani mtu alisimama mlangoni na kuwapa ishara. Tarumbeta zinaita, filimbi inajibu kama ndege anayelia peke yake juu ya nchi iliyokwisha kuachwa, kisha kila kitu kinanyamaza. Na hapo, kwa sauti ndogo kabisa, karibu ya kutosikika, kwaya inaanza ule wimbo wa Klopstock.

Mara ya kwanza simfonia nzima kusikika ilikuwa Berlin, tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1895, na Mahler mwenyewe aliongoza. Mwezi wa tatu mwaka huohuo zilikuwa zimepigwa sehemu tatu za kwanza tu, mwezi mmoja baada ya mdogo wake Otto, mwanamuziki naye, kujiua. Kwa utendaji wa Desemba gharama zilisaidiwa na marafiki wawili wa Hamburg. Tikiti hazikuuzwa vizuri, na nyingi ziligawiwa bure kwa wanafunzi wa muziki ili ukumbi usibaki mtupu. Waliokuja waliguswa sana, ingawa waandishi wa magazeti hawakukubali kwa urahisi.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo mchungaji hawezi kulipita. Mahler alichukua mistari ya mwanzo tu ya Klopstock. Iliyobaki aliiacha, akaandika maneno yake mwenyewe. Katika maneno hayo anaambia moyo wake usiogope, kwamba hakuna kilichopendwa na kuteswa kitakachopotea, na kwamba aliyekufa atafufuka na kwenda kwa Mungu. Lakini hukumu haimo. Katika maelezo aliyoandika baadaye alisema waziwazi: hakuna mwamuzi, hakuna mwenye dhambi wala mwenye haki, hakuna adhabu wala thawabu, ni upendo tu unaotuangaza. Yesu hatajwi pia. Mahler wa mwaka 1894 alikuwa bado Myahudi. Alibatizwa katika kanisa Katoliki mwaka 1897, na inajulikana kwamba kazi ya opera ya kifalme huko Vienna, aliyoitafuta, haikutolewa kwa Myahudi.

Tusimhukumu haraka. Kwenye kaburi la mtoto, hata sisi hatuanzi na hukumu. Lakini tunaishi mahali ambapo watu wengi hawakufa kwa ugonjwa. Kuna mjane katika ushirika wetu, na katika ushirika wenu pia, ambaye mume wake aliuawa, na aliyemwua anapita barabarani. Swali la mjane huyo si kama mume wake atafufuka, hilo ameliamini tangu utoto. Anauliza kama Mungu ataulizia damu ile. Kwake yeye, sura ya 20 ya Ufunuo, ambapo vitabu vinafunguliwa, si habari ya kutisha. Ni habari njema. Ukimpa ufufuo ambao mwuaji na aliyeuawa wanaingia pamoja katika nuru ileile bila neno lolote kusemwa kati yao, umemnyima kitu alichoahidiwa. Katika hili Klopstock na wakristo wa zamani walikuwa na neno ambalo Mahler hana, na tunalisema bila kupunguza heshima yetu kwa muziki wake.

Hata hivyo, angalia simfonia hii ilikopelekwa baadaye. Mwaka 1933 Wanazi walipotawala Ujerumani, wanamuziki Wayahudi walifukuzwa katika orkestra zote za nchi, na kazi za Mahler zikaondolewa. Wayahudi waliruhusiwa chama kimoja cha utamaduni, chenye orkestra yake: Wayahudi pekee wapige, Wayahudi pekee wasikilize, na serikali ikubali kila programu. Polepole wakakatazwa hata kupiga watungaji wa Kijerumani kama Beethoven. Mahler walimwachiwa, kwa sababu alikuwa wao. Basi mwezi wa pili mwaka 1941, katika vita, Berlin, mji uleule wa mwaka 1895, orkestra hiyo ilipiga Simfonia ya Pili chini ya maestro Rudolf Schwarz. Mwezi wa tisa mwaka huohuo chama kilifungwa na polisi ya siri. Mwezi wa kumi treni za kwanza za kuwahamisha Wayahudi wa Berlin kuelekea mashariki ziliondoka.

Tumefikiri sana juu ya usiku ule. Watu waliokuwa wamenyang'anywa kazi, nyumba na jina la uraia waliketi na kuimba kwamba hawakuzaliwa bure. Wengi wao hawakupata hata kaburi. Hapo kukosekana kwa hukumu katika wimbo kunauma zaidi, na wakati huohuo hatuthubutu kusema kwamba waliimba kitu kidogo. Schwarz alipelekwa Auschwitz, baadaye Bergen-Belsen, akatoka hai. Alikwenda Uingereza, akaongoza orkestra ya Bournemouth, ya Birmingham, na baadaye orkestra ya redio ya BBC huko London.

Utendaji mwingine unaokumbukwa ulikuwa New York. Rais Kennedy wa Marekani aliuawa tarehe 22 mwezi wa kumi na moja mwaka 1963. Siku mbili baadaye maestro Leonard Bernstein aliongoza Simfonia ya Pili kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama. Wengine walishangaa, kwa maana ilizoeleka kupiga rekwiemu au muziki wa mazishi wa Beethoven. Bernstein alieleza kesho yake kwamba alichagua wimbo wa ufufuo kwa ajili ya tumaini, na ili waliobaki wapate nguvu za kuendelea na kazi ya aliyeanguka. Tangu hapo simfonia hii imekuwa ikipigwa mara nyingi watu wanapoomboleza kitu kikubwa kuliko familia moja.

Tutaje pia mfanyabiashara mmoja wa New York, Gilbert Kaplan, mwenye gazeti la mambo ya fedha. Aliisikia kazi hii mwaka 1965, haikumwacha. Akiwa mtu mzima, bila kuwa mwanamuziki wa kazi, alijifunza kuongoza orkestra kwa ajili ya simfonia hii moja tu, na mwaka 1982 akaiongoza. Baadaye aliiongoza katika nchi nyingi, pamoja na orkestra kubwa za London na Vienna. Wapigaji wa New York walilalamika mwaka 2008 kwamba hajui kushika mapigo. Labda walisema kweli. Lakini sisi tunaongoza makanisa yenye walimu wa kwaya ambao ni washonaji, wauguzi na mafundi wa pikipiki, hatuwezi kumcheka.

Mtu atauliza: yote haya yanatuhusu nini, sisi tusio na orkestra? Nchi yetu inayo. Huko Kinshasa, Orkestra ya Kimbanguisti ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Walianza na vyombo vichache, watu wakipokezana violoni moja, na uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya mwaka 2010 inawaonyesha wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya, wengi wao wakitoka kazini jioni kwa miguu. Tuna tofauti zetu za mafundisho na ndugu zetu wa Kimbangu, na zinajulikana. Katika bidii ya mazoezi, wanatushinda.

Kwa wengi wetu Mahler atasikilizwa kwenye simu. Mega ni ghali, basi anayeweza ashushe mara moja na kuwagawia wengine kwa kadi ya memori. Asiyekuwa na dakika 90 aanze na sehemu ya tano, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu saa. Tumieni ekuta za masikioni, si spika ya simu, kwa sababu kwaya inaingia kwa sauti ndogo kiasi kwamba spika itawapa kimya kitupu na mtafikiri faili imeharibika. Msiongeze sauti mpaka mwisho hapo: dakika chache baadaye orkestra yote, kengele na kinanda vitawaumiza masikio.

Na walimu wa kwaya wasikilize basi. Mara tu baada ya kuingia, basi wa pili wameandikiwa si bemol ya chini sana, ambayo wanaume wachache wanaifikia. Mahler aliweka maelezo chini ya ukurasa: wasipande kuimba si bemol ya juu. Alisema haijalishi kama noti ile ya chini haisikiki. Aliiandika pale ili basi wenye sauti nzito wasiende kuongeza nguvu kwenye noti ya juu. Jaribuni hilo kwenye matanga yajayo, mahali ambapo basi wetu wamezoea kupaza sauti kuliko wote.